Pampu ya Modesta Yadondosha

Kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, Mwanza, sheria ilikuwa moja tu: fundi ambaye pampu yake inadondosha maji ananunua chai na maandazi ya wote. Modesta alikuwa hajanunua kwa miaka tisa, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Mnunuzi wa kila siku alikuwa mzee Luhende, maana pampu zake hazikukauka hata siku moja.

"Shikamoo, baba. Leo chai iwe ya maziwa," Modesta alizoea kumchokoza.

"Marahaba, mwanangu. Utakunywa," Luhende hujibu, asicheke wala asinune.

Kisha ikaja barua. Mteja wao wa Ulaya hataki tena samaki waliooshwa kwa pampu zenye tefloni, ile pakingi nyeupe inayozungushwa kwenye shafti, ule mhimili wa pampu unaozunguka, ili maji yasivuje. Kemikali za ukoo wa tefloni haziozi, barua ilisema, zinakaa majini vizazi na vizazi. Yash, meneja, akaleta pakingi mpya tatu, za nyuzi za mimea zilizoloweshwa mafuta.

"Dada Modesta, mkaguzi anakuja Ijumaa. Pampu yako kubwa ikigoma, oda tumeikosa, na zamu ya pili naifunga."

Zamu ya pili ilikuwa na watu arobaini. Rose, mdogo wake Modesta, alikuwa mmoja wao.

Jumatano Modesta akafunga pakingi ya kwanza, akakaza nati mpaka pampu ikawa kavu kabisa. Saa moja haikupita, ikafuka moshi. Alhamisi akafunga ya pili, akakaza zaidi, kwa hasira. Hiyo iliungua mapema kuliko ya kwanza. Akaketi juu ya ndoo huku machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo akajiuliza: hivi Luhende mara ya mwisho aliomba pakingi lini?

Mficha uchi hazai. Akainuka, akamfuata.

"Baba, mbona za kwako haziungui?"

"Zinakunywa maji. Shafti inazunguka, inasugua. Pakingi isipopata maji kidogo, inawaka. Tefloni ilikuwa inakuvumilia tu. Hizi ni nyuzi. Legeza."

"Miaka yote hiyo mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unakunywa chai."

Ijumaa, mbele ya mkaguzi, Modesta alifunga pakingi ya mwisho, akakaza, halafu akarudisha spana robo mzunguko. Tone likaanguka. Likafuata jingine. Mafundi wakatazamana. Yash akafumba macho. Saa mbili zikapita, pampu inanguruma, na Modesta alipoigusa, ilikuwa ya baridi. Mkaguzi akaweka sahihi.

Rose ndiye aliyeanza vigelegele, na kiwanda kizima kikaitikia. Modesta alicheka mpaka akalia, furaha imemjaa tele. Akafuta mikono, akanunua maandazi, akaenda moja kwa moja kwa mzee, sinia kichwani.

"Shikamoo, baba. Yangu inadondosha."

"Marahaba, mwanangu," Luhende akasema, akivuta benchi. "Leo iwe ya maziwa."