Ukuta wa Maji

Fundi Bura alikuwa amepiga magoti katika sebule isiyo na paa, kipande cha mkaa mkononi, akichora samaki ukutani. Hakuna aliyemwagiza achore samaki. Aliambiwa apime mahali litakapokaa tangi, mita mbili na nusu kwa mita moja, kati ya sebule na chumba cha kulia. Lakini alipomaliza kupiga mistari minne na kuihakiki kwa pimamaji, aliona ule mstatili mtupu umekaa kinyonge. Akaongeza samaki mmoja, kisha wa pili, kisha majani marefu yaliyolala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na upepo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ukungu wa Mlima Hanang ulikuwa umeshuka mpaka mtaa wa Jorodom, ukaingia ndani ya nyumba kwa juu, taratibu. Bura akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Katika ukungu ule samaki wake wa mkaa walionekana kama wanasogea.

Mwenye nyumba, Bwana Cornel, alikuwa mkubwa wa idara moja wilayani. Alihamia Katesh baada ya mkoa wa Manyara kumegwa kutoka Arusha, wakati viwanja vilipoanza kugombaniwa na saruji kupanda bei kila mwezi. Safari moja ya kikazi alilala katika hoteli ya Dar es Salaam yenye ukuta mzima wa kioo, na ndani yake samaki. Aliupiga picha, akataka wa namna hiyo nyumbani kwake. Picha hiyo ilikuwa na wiki mbili sasa katika mfuko wa shati la Bura, na kila alipokaa kula aliichomoa.

Alikuwa amejenga miaka ishirini na sita: madarasa, vyoo vya shule, zahanati kule Nangwa. Siku zote kazi yake ilikuwa kuzuia maji yasiingie. Hakuwahi kuombwa ajenge kitu cha kutazamwa tu. Kwao samaki hawakuliwa sana. Babu yake aliwahesabu ukoo mmoja na nyoka. Lakini tangu aipate ile picha, Bura alikuwa akiona ukuta umegeuka maji, mwanga wa kijani ukitetemeka kwenye viti, na mtu mzima amekaa kimya bila kujua kwamba chai yake imepoa.

Bwana Cornel aliingia saa tatu, suruali ameikunja kukwepa tope.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, fundi. Umefikia wapi?"

"Nimepima. Ila ukuta wa tofali peke yake hautabeba. Nataka nguzo nne zitoke kwenye msingi, na mkanda wa zege chini ya tangi. Maji yale yana tani mbili."

"Tani mbili?"

"Madumu mia moja ya lita ishirini. Na kila wiki, ulivyosema, tunatoa robo na kuweka mapya. Madumu ishirini na tano."

Aliyataja kama fundi, ila masikio yake yaliyasikia kama jirani. Bomba la mtaa lilitoa maji Jumanne na Ijumaa, na kila kaya ilichota madumu mawili kwa zamu. Asubuhi ile ile mkewe, Fabiola, alikuwa huko kwenye foleni.

"Maji yatatoka wapi, mkuu?"

Bwana Cornel alimwita mtu aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa Pascal, karani wa kamati ya maji, ameshika karatasi yenye mhuri.

"Tunaunga juu, kabla bomba halijafika mtaani," alisema Pascal. "Kibali kipo. Matumizi ya ujenzi."

"Samaki ni ujenzi?"

"Mimi nimeambiwa niandike, nikaandika." Pascal aliyaongea hayo akiangalia viatu vyake. Naye alikaa mtaa ule ule.

"Vioo vinafika Jumatatu," alisema Bwana Cornel. "Leo chimba mtaro wa bomba, nijue msukumo ukoje."

Bura aligeukia mchoro. Aliutamani ukuta ule kuliko kazi yoyote aliyowahi kuishika. Alijua kila nondo itakapolala.

"Tangi nitajenga, mkuu. Mtaro sichimbi."

"Ni kazi moja hiyo."

"Basi naiacha yote."

Bwana Cornel hakufoka. Alimwambia Pascal, "Mpigie Xavery."

Xavery alifika na vijana wawili. Alijifunza kazi kwa Bura. Alimkuta amekaa juu ya tofali, akimsubiri.

"Nondo weka za milimita kumi na mbili," Bura alimwambia. "Usikubali za kumi hata akikuambia zinatosha. Na nguzo zianzie chini, usizipandishie sakafuni."

"Kaka Bura, kazi umeikataa, tena unanifundisha?"

"Tangi likipasuka litaangukia watoto." Akampa ile picha, akabeba mfuko wa vyombo vyake, akatoka.

Foleni ilikuwa imefuata barabara, ndefu, madumu ya njano yamepangwa na wenyewe wameketi kando. Bura akakaa kwenye nyasi karibu na Fabiola, akamweleza yote.

"Na sare ya shule ya Evelyne?"

"Itasubiri."

Maji yalikuwa yakitoka kama uzi. Watu walisogea, wakasimama, wakasogea. Jua lilikuwa limeshaula ukungu wote.

"Baba Evelyne," alisema Fabiola. "Hao samaki wangekuwa wa rangi gani?"

"Wa dhahabu. Na wengine weusi wenye mapezi marefu, kama kitambaa kikielea."

Fabiola alifumba macho. Bura aliona kwamba anawaona.

Baada ya saa nane mchana Xavery alitokea upande wa juu, kamba imenyooshwa kwenye vigingi, vijana wake wakichimba nyuma yake. Mtaro ulikuwa unashuka sawasawa kuelekea kwenye foleni. "Samahani, mama. Tusogezee dumu, mama." Mmoja mmoja walisogeza, kama watu wanaompisha ng'ombe.

Wakafika kwa Fabiola.

"Shemeji, sogeza dumu kidogo," alisema Xavery.

"Niko kwenye foleni."

"Kidogo tu, tupite."

"Nikitoka, nafasi yangu imekwenda. Nipo hapa tangu saa kumi na mbili."

Hakupandisha sauti wala hakusimama. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha dumu. Sululu zikatulia. Wanawake waliokuwa wameshasogea walimtazama, na mmoja wao, aliyekaa karibu naye, akalirudisha dumu lake pale lilipokuwa. Xavery alimwangalia Bura.

Xavery akainama, akang'oa kigingi, akakipigilia hatua moja pembeni. Mtaro ukapinda pale, ukayazunguka yale madumu mawili, la Fabiola na la yule mwanamke, ukarudi kwenye mstari wake, ukaendelea kushuka kwenda nyumbani kwa Bwana Cornel.