Kitabu cha Kuamia Ndege

Mwaka ule wa tisini na tisa, pale Nambambo, kila mtu alikuwa na dawa ya mwanangu Winfrida. Mtoto yuko darasa la nne, ameshalirudia mara moja, na ukimpa kitabu anakitazama kama umempa mwarobaini anywe. Mmoja akaniambia macho yake mabovu. Mwingine akasema amechezewa, nimpeleke kwa mganga. Wengine walisema ni mimi namdekeza, na hao ndio walionichefua zaidi, maana walisema huku wanakula karanga zangu.

Mwalimu wake naye aliniita shuleni akanieleza kwamba mtoto hasomi, na kwamba mwaka ukiisha hivi atarudia tena. Nilipofika nyumbani na habari hiyo, mume wangu Saturnini hakuchelewa kuamua. Dada yake Beatrisi alikuwa Ruangwa mjini, anauza vitenge, ana mtoto mchanga na hana wa kumlea. Basi mavuno yakiisha, Winfrida aende Ruangwa akalee. Kwa nini tuhangaike na sare ya mtu asiyesoma?

Saturnini si mtu mbaya, ila akishaamua jambo huwa kama kisiki. Na mimi nina ubishi wangu. Nilimwambia mtoto haendi kulea mtoto. Akaniuliza nitamfanya nini basi, nami nikajifunga kibwebwe hivyohivyo.

Nilichokuwa najua mimi, na mwalimu hakukijua, ni kwamba Winfrida herufi anazijua zote. Alichokosa ni sauti, na sauti yenyewe alinyang'anywa. Mwanangu amezaliwa na koo la kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Siku moja, akiwa darasa la tatu, alisimamishwa asome, akasoma kwa sauti yake ile, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia apunguze, hapa si shambani. Akapunguza, akapunguza, mpaka ikaisha. Tangu hapo akipewa kitabu anafunga mdomo, na fimbo haikuwahi kuufungua.

Nyumbani nako baba yake alikuwa amegeuza kusoma kuwa adhabu. Ukivunja chungu, soma ukurasa. Ukichelewa kisimani, soma kurasa mbili. Winfrida akawa anaomba abadilishiwe kifungo: atwange mahindi, achanje kuni, arudi kisimani tena. Nilipoona mtoto anachagua ndoo ya maji kuliko karatasi, nilikasirika. Nilimwambia Saturnini kwamba katika nyumba hii hakuna tena mtu atakayeadhibiwa kwa kitabu. Akaninunia, nikamwacha na mnuno wake.

Kitabu chenyewe nilikipata sokoni Nachingwea. Muuza dagaa alikuwa anakichana ukurasa mmojammoja anafungia dagaa. Nilisoma ule uliofungiwa dagaa wangu, nikamwambia anipe kilichobaki. Akasema bila karatasi atafungia nini. Tulizozana pale mpaka watu wakasimama kututazama, na niliondoka nacho. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilishakwenda na dagaa wa watu. Kilikuwa na hadithi ya mwanamke aliyenyang'anywa mbuzi na jumbe, akafunga safari ya kwenda kumdai. Kilikatikia pale mwanamke anapofika kwenye mto uliofurika na mwenye mtumbwi anakataa kumvusha.

Sasa, mtama wetu uko bondeni, na mtama ukianza kukomaa ndege hawana adabu. Lazima kuamia, yaani kukaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha fito, na kupiga kelele tangu alfajiri hadi jua linazama, kurusha kombeo, kupiga debe, ukinyamaza kidogo tu wameshatua. Bonde lile lina madungu mengi. Sisi tuliohamia kutoka upande wa Newala tuna mashamba huku, na ng'ambo ya kijito ni mashamba ya wenyeji, Wamwera. Dungu lililotutazama lilikuwa la Bibi Hadija, mjane mmoja mkali ambaye matusi yake kwa ndege yalikuwa yanatufanya tuzibe watoto masikio.

Asubuhi niliamia mwenyewe, na jioni Winfrida akitoka shule alinikuta. Kazi ya kupiga kelele inachosha kichwa, huna la kusema ila ule ukelele mmoja. Basi jioni moja nilipanda na kitabu changu nikawa nawasomea ndege. Nilisoma kwa kupiga kelele, kila sentensi mpaka pumzi inakatika, na ndege waliruka vilevile kama kwa debe. Winfrida alikuwa chini ananiokotea mawe ya kombeo. Sikumwambia njoo usikie. Sikumtazama.

Kesho yake nikasoma tena, na keshokutwa yake. Nilipofika pale mwanamke anapolala njaa chini ya mzinga wa nyuki na nyuki wanaanza kushuka, koo langu likafa. Si utani, lilikauka kweli, nikabaki nanong'ona. Nikakiweka kitabu kwenye fito za dungu. Winfrida akapanda juu, akauliza nyuki walimfanya nini. Nikamwonyesha koo langu. Akaniambia nimsimulie kwa kunong'ona. Nikakataa. Akasema basi nitakuwa mchoyo, nikamwambia ndiyo, mimi ni mchoyo, na ndege hao wanatua.

Kweli walikuwa wanatua. Akatazama mtama, akanitazama mimi, akakichukua kitabu kwa hasira. Alianza kwa silabi, moja, moja, anazirusha kama mawe. Ndege wakaruka. Sentensi ya kwanza ikamchukua muda, ya pili muda, na kila akifika mwisho alirudia yote kwa mkupuo, kwa koo lake lote, koo lile walilolicheka. Alipofika pale nyuki walipomwacha yule mwanamke bila kumuuma, akanyamaza kuvuta pumzi, na ng'ambo ya kijito tukasikia sauti ya Bibi Hadija:

"Enhe. Halafu?"

Nilimwona mwanangu alivyoshtuka. Alidhani anasomea ndege tu. Akaniangalia kana kwamba nimemsaliti, kisha akageukia ng'ambo akasoma tena.

Ikawa ndiyo kawaida ya bonde. Akitoka shule harudi nyumbani, anapitiliza dunguni. Bibi Hadija hasomi, hajawahi kuingia darasani, lakini alikuwa msikilizaji mgomvi: neno likimpita anataka lirudiwe, na mtu wa dungu lingine akipiga debe wakati wa hadithi anatukanwa badala ya ndege. Mimi nikawa nashuka mapema kwenda kupika, namwacha msomaji na watu wake. Siku moja nikiwa njiani nilimsikia Winfrida anasoma kwamba mwanamke ameshavuka mto, yuko kwenye ua wa jumbe, anagombana na walinzi. Nikasimama na kuni zangu kichwani. Mto ule ndio ulikuwa mwisho wa karatasi. Mtoto ameshika kitabu kilichokatika na hadithi haijakatika. Nilicheka peke yangu njia nzima, na sikumwambia mtu.

Ningejua kwamba Beatrisi atakuja kabla ya mavuno, labda ningemwambia Saturnini. Wifi yangu alishuka kwenye lori siku ya Jumamosi, ana mfuko mtupu wa kutilia nguo za Winfrida. Mtoto wake anamsumbua, hawezi kungoja. Saturnini akasema hamna neno, nguo zikusanywe. Nikasema mtoto anasoma sasa. Saturnini akasema tangu lini. Nikamwambia ashuke bondeni jioni akasikie. Akacheka, akasema hahitaji kwenda kusikiliza mtu anayepigia ndege kelele, kusoma ni kusoma. Akatoa kitabu cha shule, akamwita Winfrida mbele ya shangazi yake, akamwambia asome ukurasa. Akisoma anabaki. Asiposoma lori linarudi naye.

Winfrida alikitazama kitabu, akamtazama shangazi na mfuko wake.

"Sisomi," akasema.

Nikamwambia mwanangu, soma. Akasema hasomi mtihani ndani ya nyumba, na akafunga mdomo wake kama zamani. Saturnini akanigeukia, na mimi nikaona nguo za mtoto zinaingia mfukoni, lile gauni la kanisani juu kabisa. Nilimpokonya Beatrisi mfuko. Akaushika upande wa pili. Tukawa tunavutana uani, watu wazima wawili, mtu na wifi yake, na sioni haya kulisema, ningeuvuta mpaka uchanike.

Hapo ndipo Bibi Hadija alipoingia. Hakupiga hodi. Alikuwa na kombeo lake mkononi na vumbi hadi magotini.

"Yuko wapi huyu mtoto?" akasema. "Ndege wanamaliza mtama wenu, na yule mwanamke tumemwacha mlangoni kwa jumbe tangu jana. Mnafanya nini hapa na mifuko?"

Saturnini anamheshimu Bibi Hadija, sote tunamheshimu, kwa kuwa ni mwenyeji wetu na kwa kuwa mdomo wake tunauogopa. Akanyanyuka bila kubisha, maana mtama ni mtama. Tukashuka wote bondeni, Beatrisi na viatu vyake vya mjini nyuma. Bibi Hadija akavuka kijito akapanda kwake. Winfrida akapanda dungu letu, akafungua kitabu ukurasa wa mwisho, akavuta pumzi.

Ile sauti ilitoka, na ndege waliinuka shamba zima. Mwanamke aligonga mlango wa jumbe. Jumbe akamwuliza ana shahidi gani kwamba mbuzi ni wake. Saturnini alisimama chini ya dungu kichwa amekiinua, na nilianza kupumua. Kisha akapanda ngazi. Saturnini alimaliza darasa la saba, si mtu wa kudanganywa na karatasi. Alichungulia begani kwa mtoto, akakichukua kitabu, akakigeuza.

"Hapa hakuna jumbe," akasema. "Hapa kuna mto, na baada ya mto pamechanika. Huyu anabuni tu. Anatudanganya wote."

Beatrisi akaguna. Na mimi nilijua alichosema ni kweli.

Winfrida alimgeukia baba yake. Nilidhani atalia.

"Kilichoandikwa nilishakimaliza," akasema. "Hawa walitaka mwisho. Ningewaambia nini, kwamba uliondoka na dagaa? Fungua unapotaka, baba. Wewe mwenyewe fungua."

Saturnini akafungua katikati. Akaweka kidole juu ya mstari, kile kidole chake kigumu cha kubangulia korosho, na Winfrida akaanza pale kilipo kidole. Hakusoma kwa silabi. Alisoma kwa hasira, kwa koo lote, sikioni mwa baba yake, na kidole cha Saturnini kikawa kinamkimbiza, kinachelewa, kinamkimbiza tena, mpaka kikaacha.

Na ng'ambo ya kijito Bibi Hadija akasimama juu ya dungu lake, mikono kiunoni.

"Hapo pa nyuki tulishapita," akaita. "Pa mwezi uliopita hapo. Mnaturudisha nyuma kwa nini? Turudisheni kwa jumbe."

Na dungu lingine la mbali, la watu ambao hata sikuwa najua kama wanasikiliza, likaitikia kwamba ndiyo, kwa jumbe.

Saturnini alikaa chini kwenye fito. Akamrudishia mtoto kile kitabu bila jalada, akageukia chini kwa dada yake akamwambia lori asilichelewe. Beatrisi akauliza aende na nani. Akamwambia aende alivyokuja.

Jumatatu Winfrida alisimama darasani, akasoma. Mwalimu akamwambia apunguze sauti, hapa si shambani. Aliponisimulia nilimwuliza alifanyaje.

"Niliongeza," akasema.