Koti la Keya

Ploti nzima ilijua kwamba Mumbua hakosi kuchangia mazishi. Awe ni mtu wa Kitui, wa Vihiga, wa Siaya, Mumbua atatoa, na siku ya kusindikiza maiti atasimama kando ya gari akipunga mkono mpaka vumbi litulie. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na pa kupelekwa.

Lilitoboka kwa mzaha. Musau, fundi wa viatu, alikuwa amefariki, na majirani wa mtaa wa Gatwekera walikuwa wamekaa nje ya chumba chake wakipanga safari ya kumpeleka kwao Machakos. Lavender, msichana wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa akisimamia mchango, na mdomo wa Lavender hauna breki. Akamgeukia Mumbua. "Na wewe mathe, siku yako ikifika tutakupeleka wapi? Hujai tuambia kwenu ni wapi."

"Nitupeni tu hapo makaburini Lang'ata," Mumbua akasema. "Pesa za mafuta ya gari mtanunulia soda."

Wueh, watu walicheka! Naye akacheka nao, tena kwa sauti. Kisha akaingia kwake, akafunga mlango, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kuna mizaha mingine, jamani, afadhali mtu akuzabe kofi.

Maana ni kweli, hakuwa na kwao. Mama yake, Kaveke, alitoka Ukambani na mimba, amegombana na watu wake ugomvi ambao hakuwahi kuusimulia, akaapa kwamba hatakitaja kijiji hicho tena mpaka kufa. Na Kaveke akisema amesema. Alikufa Mumbua akiwa bado msichana, akaondoka na jina la kijiji mdomoni. Baadaye Mumbua alikaa na mwanamume kwa miaka kadhaa, mtoto hawakupata, na mwanamume akaenda kutafuta mtoto kwingine. Sasa alikuwa mama wa miaka sitini kasoro, anayepika muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akawauzia vijana wa mjengo. Mchana watu humjaa, kila mtu "mathe, niongezee supu." Jioni anabaki na redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, Mumbua humjibu nzuri.

Kitu kimoja tu ndicho alichoachiwa na mama yake, nacho ni picha. Mwanamume mmoja kasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi. Amevaa kofia pana, ukingo mmoja umebanwa juu, na koti la kijeshi lenye mifuko minne, na mshipi mpana. Miguuni hana kitu, vidole vimetanuka kwenye sakafu. "Huyu ni baba yangu," Kaveke alikuwa akisema. "Alikuwa Keya, askari wa vita vya Hitler." Basi. Jina hakutaja.

Lavender alikuwa amesikia kilio. Mabati hayafichi kitu. Kesho yake alibisha hodi na mkate, macho chini. "Sikujua, mathe. Haki sikujua." Mumbua akamwonyesha picha, na kwa mara ya kwanza akamweleza mtu mambo yake yote. Lavender akaitazama, akaigeuza, akairudia.

"Si huyu ni soldier? Basi ana kikosi. Na kikosi kilichukua watu mahali fulani, si ndiyo? Kuna mzee kanisani kwetu, Mzee Wangila, anakaa Kawangware. Amekuwa jeshini mpaka akastaafu. Nguo za jeshi anazijua kuliko suruali zake mwenyewe. Nenda umwone."

Jumapili, baada ya ibada, Mumbua aliifunga picha kwenye leso safi akaenda. Njiani alikuwa na picha nyingine kichwani: yeye akishuka kwenye njia ya vumbi, Ukambani, na mtu asiyemjua akisema, kumbe wewe ni mtoto wa Kaveke, karibu nyumbani.

Nyumba ya Wangila ilikuwa nyuma ya duka la mbao, na mke wake, Nabwire, alimpokea mlangoni kwa "Bwana asifiwe" kabla hata hajajitambulisha. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa ndani ya nyumba. Nabwire akawamiminia chai, kisha akaingia jikoni kupika chapati.

Wangila aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaivutia karibu na pua, akaisogeza mbali, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Keya," akasema. "Hakuna mjadala. Hii kofia ni ya waliokwenda Burma. Na koti ni lenyewe."

"Lakini hana viatu, mzee."

"Hao walikuwa wanaume! Wengi walianza jeshi miguu mitupu." Kisha akaivuta tena picha karibu. "Ngoja. Ngoja kwanza. Hizi ngazi nazijua."

Akaenda chumbani, akarudi na picha iliyotiwa kwenye fremu, akaiweka mezani kando ya ile ya Mumbua. Ngazi zilikuwa zile zile, na mbele yake amesimama mwanamume mwingine, mrefu, na kofia na koti na mshipi.

"Huyu ni baba yangu," Wangila akasema. "Alikufa nikiwa bado nanyonya. Sikumjua kwa sura nyingine isipokuwa hii. Ni hii picha iliyoniingiza jeshini, na kijana wangu yuko huko leo kwa sababu yake." Sauti ikaanza kumpanda. "Dada yangu, unaona? Walipigwa picha mahali pamoja! Kikosi kimoja hawa! Wakala pamoja, wakalala kwenye matope ya Burma pamoja. Na wewe umekuja mpaka kwangu!"

"Dada yangu." Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mumbua hivyo kwa sauti ile.

"Ukamba wako hauna shida," Wangila akaendelea. "Vitani hakukuwa na kabila. Desemba tunamfanyia baba kumbukumbu kule nyumbani, Bungoma. Utakuja. Wazee waliostaafu jeshini watakuwepo, mchungaji atakuwepo, kijana wangu atakuja na wenzake. Hizi picha nitazikuza ziwe kubwa kama mlango, nizitundike pamoja, kila mtu azione." Akainama karibu naye. "Na lile jambo la Lang'ata alilonieleza Lavender, lisahau. Shamba liko. Mjukuu wa mwenzake baba hawezi kukosa mahali pa kulala."

Mumbua alishika kikombe, chai ikamwagikia vidoleni, hata hakusikia moto. Kumbe ni rahisi hivi? Miaka yote hiyo, na kumbe ilikuwa ni kubisha tu kwenye mlango mmoja? Akainamisha uso juu ya zile picha mbili ili mzee asione machozi yake, na akiwa ameinama hivyo, akakiona kifungo.

Kifungo cha tatu kwenye koti la babu yake kilikuwa cheupe, kidogo, cha shati. Alikuwa amekitazama tangu utotoni. Kwenye koti la baba yake Wangila, kifungo cha tatu kilikuwa cheupe, kidogo, cha shati. Akatazama mfuko wa kushoto. Kifuniko chake kilikuwa kimeungua pembeni, kama kilichoguswa na pasi ya makaa. Kwenye picha zote mbili, pembe ile ile. Na mikono sasa, ee Mungu wangu. Babu yake alikuwa mfupi, na mikono ya koti ilimmeza mpaka kwenye vidole. Baba yake Wangila alikuwa mrefu, na mikono ile ile ilimwishia juu sana ya viganja.

Lilikuwa koti moja. Halikumtosha yeyote kati yao.

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, sitadanganya. Mzee haoni vizuri, Mumbua amepata ndugu, amepata na udongo wa kulalia, ni nani angemlaumu? Lakini picha kubwa kama mlango! Wazee wa jeshi wangesimama mbele yake, na watu hao hawaachi kifungo kipite. Wangemcheka Wangila mbele ya mwanawe, kwenye kumbukumbu ya baba yake. Mumbua alijua vizuri mtu anavyocheka pamoja na wanaomcheka.

"Mzee," akasema polepole, "usizikuze."

"Kwa nini?"

Akamwonyesha. Kifungo, kisha mfuko, kisha mikono. Wangila akaleta miwani, akainama juu ya picha. Jikoni sufuria ziligongana. Mgongo wake ulionyooka ukaanza kulegea.

"Labda baba alimwazima babu yako," akasema.

"Labda, mzee."

"Au babu yako alimwazima baba."

Wangila akavua miwani, akaisugua kwenye shati, ingawa haikuwa chafu.

"Wapiga picha wa mjini walikuwa na koti la jeshi msumarini," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini kabisa. "Najua hilo. Kila mtu wa rika langu anajua. Kijana anatoka shambani, anafanya kazi ya bustani kwa mzungu, anataka kutuma picha nyumbani, anavalishwa. Nimewacheka watu kwa picha kama hizo." Akaigusa fremu. "Sikuwahi kufikiri."

"Bado ni baba yako, mzee."

"Umemwambia nani?"

"Nini?"

"Hili. Umemwambia nani mwingine?"

"Si nimeliona sasa hivi? Na nimwambie nani, mzee? Mimi sina mtu."

Na hapo Mumbua akaiona nafuu ikimwingia Wangila usoni. Mzee hakukusudia, masikini, lakini ilimwingia waziwazi, mabega yakashuka, akapumua. Katika maisha yake yote Mumbua hakuwahi kumwona mtu akifurahi kwamba yeye hana mtu.

Wangila akaichukua fremu akairudisha chumbani. Aliporudi hakukaa. Akamkabidhi Mumbua picha yake, tayari imeshafungwa kwenye leso.

"Nabwire!" akaita. "Mgeni anatoka."

Nabwire akaja mbio akipangusa mikono, amekasirika kwa upendo. Ati anatoka vipi na chapati ziko motoni? Akamfunga chapati nne kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka kwenye lango la duka la mbao, akimshika mkono muda wote. Kule jikoni alikuwa amesikia mwanzo tu.

"Tumefurahi sana, dada," akasema. "Mzee hajawahi kuongea hivyo na mgeni. Sasa usiniangushe. Desemba nitakuandalia kitanda chako, usilale na wale wageni wa hema. Utakuja?"

Mumbua akamtazama. Mkono wa Nabwire ulikuwa na unga, na ulikuwa wa moto.

"Nitakuja," akasema. "Niandalie."