Droo ya Yanayosubiri Jibu

Ofisi Kuu ya Serikali ya Jimbo ilizaliwa ndani ya stoo ya chanjo za ng'ombe. Mama Faili alilijua hilo kuliko yeyote, maana yeye ndiye aliyeifagia. Siku madaraka yaliposhushwa kutoka makao makuu, walikabidhiwa meza moja, mhuri ambao haujawahi kugusa wino, na friji bovu linalonuka dawa. Walikuwa watatu tu: Katibu wa kwanza, mpiga chapa, na yeye, karani wa masjala aliyekwisha kuitumikia serikali ya zamani miaka ishirini.

Sasa imepita miaka kumi, ofisi ina ghorofa mbili na lifti inayofanya kazi ikijisikia. Katibu wa sasa, kijana wa miwani, alimzidi cheo lakini hakuacha kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Ijumaa ijayo unastaafu. Niandikie kurasa mbili tu, ofisi hii ilianzaje na inafanyaje kazi. Ukiondoka hivi hivi tutabaki na kuta."

"Marahaba, mwanangu. Kurasa mbili? Hizo si ni salamu tu!"

Aliandika kwa raha. Aliandika kwamba watu hudhani wao wa Ofisi Kuu ndio wanaoamua kila kitu, kumbe hawajengi barabara wala hawachomi mtu sindano. Idara ikitaka jambo huleta waraka, nao huuzungusha kwa idara nyingine, ili wa maji asije akachimba pale wa barabara alipomwaga lami jana. Maoni yakirudi, wanayashona yawe kitu kimoja, yanaingia baraza la Jumanne mbele ya Mkuu wa Jimbo na mawaziri wake. Wakikubali, Katibu anasaini, kazi inaanza.

Alitaka mfano wa mwaka wa kwanza. Akainama kwenye kabati la chuma, akavuta droo ya chini kabisa, ile aliyoibandika kwa mwandiko wake mwenyewe: YANAYOSUBIRI JIBU. Ndani mlikuwa na faili moja, la daraja la waenda kwa miguu kijijini kwa dada yake.

Maoni yote yalikuwamo. Wa maji alikubali, wa afya alikubali, wa barabara alikubali hadi akachora. Kisha ukurasa wa mwisho, wa kumi na nne, nakala ya barua yake Mama Faili kwenda makao makuu: "Tunaomba idhini yenu." Hakuna aliyemtuma. Mkono wake ulizoea. Kwenye serikali ya zamani hakuna kilichosogea bila jibu la makao makuu, na karani aliyejitia kusogeza alijitafutia kazi nyingine. Alipeleka barua, akaweka faili kwenye droo, akasubiri.

Jibu halikuja kwa sababu halikuwa lao kulitoa. Madaraja yalishakuwa ya jimbo. Jibu alilolisubiri miaka kumi lilikuwa kwenye chumba cha baraza, mwisho wa korido hii hii, hatua thelathini kutoka kwenye kiti chake. Makatibu walibadilika, na kila mmoja aliyeuliza aliambiwa linasubiri jibu. Hakuna aliyeuliza jibu la nani.

Mama Faili aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Kila masika dada yake alipiga simu: "Mdogo wangu, lile daraja?" Naye akajibu, "Dada, faili liko juu." Masika moja mto ulijaa siku tisa, na dada alikuwa anaumwa jicho la kulia. Siku ya kumi alipofika zahanati, daktari alisema angewahi, jicho lingepona. Hata hivyo dada alipita akijisifu kwa majirani kwamba ana mdogo wake serikalini, analipigania daraja.

Mama Faili alichomoa barua ile. Karatasi moja tu, na nani angejua? Ijumaa angeondoka na maua yake. Akaishika muda mrefu, akatazama namba aliyoiandika pembeni, kumi na nne, kisha akairudisha mahali pake. Akaandika dokezo: "Faili hili nililizuia mimi, nikisubiri idhini isiyohitajika."

Katibu alilisoma mara mbili. "Mama, si lazima iwe hivi. Andika tu kwamba lilichelewa."

"Faili halina miguu, mwanangu. Lichelewe lenyewe?"

Jumanne alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha baraza. Daraja lilipita hata chai ya mawaziri haijapoa. Akapiga simu palepale.

"Dada, daraja limepitishwa."

Dada alipiga kigelegele. "Nilijua tu! Kumbe makao makuu wamejibu!"

"Hapakuwa na wa kujibu, dada. Faili lilikuwa kwangu. Miaka yote hiyo lilikuwa kwenye droo yangu. Nilikosea mimi."

Kule uani dada aliwafukuza kuku waliokuwa wakiparua, kisha akauliza:

"Unastaafu lini?"

"Ijumaa."

"Basi Jumamosi njoo," dada alisema. "Ukae kushoto kwangu, nikuone vizuri ukiniambia tena."