Saa Nzima ya Bwana Mizani

Bwana Mizani alikuwa akipiga simu redioni kwetu kila asubuhi saa tatu na dakika tano, na kila asubuhi nilikuwa nikimkata saa tatu na dakika sita. Hiyo dakika moja ilimtosha kusema kwamba mwanamke hafai kushika maikrofoni, kwamba sauti ya mwanamke ni ya kuita watoto waje kula, na kwamba mambo yalianza kwenda mrama siku walipotuajiri. Kabla hajastaafu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, mtu wa kuwanyang'anya wauza nyama mawe mepesi, na ndiyo maana wasikilizaji wakampa jina hilo. Mtangazaji wa saa hiyo ya tatu nilikuwa mimi. Kwa hiyo, tusidanganyane, mwanamke aliyekuwa akisemwa ni mimi.

Ningemvumilia kama angekuwa ananitukana mimi peke yangu. Lakini tulikuwa na msikilizaji mmoja, mshona mifuko, tuliyemwita Mama Mifuko, aliyekuwa akipiga simu karibu kila siku na kuongea huku cherehani yake ikinguruma nyuma. Siku moja akaniletea ujumbe: "Dada, mume wangu anamsikiliza sana yule baba. Amesema nisipige tena." Hakupiga tena. Kwa miezi miwili sikuisikia ile cherehani. Nikaacha kabisa kupokea simu za Bwana Mizani.

Naye akamwandikia Mkurugenzi barua.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: idadi ya simu zinazoingia. Aliichora kwa wino mwekundu kwenye karatasi ukutani kwake, na mstari ukipanda alipita koridoni akipiga mluzi. Siku hiyo aliniita ofisini, barua ikiwa mkononi.

"Kurasa nne," akasema. "Anataka saa nzima. Anasema amechoka kukatwa."

"Na mimi nimechoka kutukanwa, bosi."

"Hayo ni maoni yake."

"Maoni ni kusema mvua itanyesha. Huyu anataka nusu ya wasikilizaji wako wanyamaze."

"Na hiyo nusu itapiga simu kukataa." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Umeona raha yake?"

Bwana Mizani alikuwa ameweka na masharti. Nusu saa ya kwanza azungumze bila kuingiliwa, simu zianze saa tatu na nusu. Katika saa yake hiyo nzima, mimi nisitoe hata neno moja hewani. Mkurugenzi alikuwa ameshakubali na kuweka sahihi. Nilitakiwa kukaa upande wa pili wa kioo, nimfungulie maikrofoni, kisha nisiguse kitu.

"Na simu zikizidi hamsini," akaongeza, sasa akiwa anaitazama kalamu yake badala ya kunitazama mimi, "kuanzia Jumatatu tutamjaribu kwenye saa ya tatu. Wewe utasoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Kwa muda."

Nilikijua hicho "kwa muda" cha ofisi yetu. Choo cha chini kilifungwa kwa muda mwaka niliokuja kufanya mafunzo.

Nyumbani nilimweleza mama yangu, aliyekuwa akipiga pasi. "Kataa," akasema bila kuinua kichwa. "Mtu kama huyo mimi nisingemfungulia hata geti, sembuse redio."

"Mama, si yangu hiyo redio."

"Basi jifanye unaumwa."

Fundi mitambo wetu aliliona kwa namna nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyeishi katikati ya nyaya, akitafuna njiti ya kiberiti. "Mwache aongee yaishe, dada," akaniambia asubuhi ya Alhamisi, siku ya kipindi chenyewe, akimrekebishia mgeni kiti.

"Yaishe wapi? Huyo ana miaka anaongea."

"Kwa dakika moja moja. Mimi sijawahi kumsikia akifika mwisho wa sentensi. Wewe umewahi?"

Sikuwahi. Siku zote nilikuwa namkatia katikati.

Saa tatu kasoro dakika kumi Bwana Mizani akaingia. Alivaa suti ya rangi ya udongo iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, faili kwapani, na akawasalimia wote isipokuwa mimi. Nilimwamkia. Alimwitikia Mkurugenzi.

"Huyu binti ameelezwa masharti?" akauliza.

"Ameelezwa," akasema Mkurugenzi.

"Ameelewa?"

Nikamwonyesha nakala ya karatasi yenye sahihi, niliyoibandika kwenye kioo kwa gundi. Akairidhia, akaketi, akakohoa mara tatu, nami nikamfungulia maikrofoni.

Nikiri: alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kuagiza watu. Alisema mwanamke hafai kushika maikrofoni. Alisema sauti ya mwanamke ni ya kuita watoto. Alisema mambo yalianza kwenda mrama. Nilitazama saa: dakika moja na sekunde kumi. Alifungua faili, akageuza karatasi, akasema hoja ya pili. Hoja ya pili ilikuwa ile ya kwanza, imevaa koti. Ya tatu aliisema polepole zaidi.

Ilipofika saa tatu na dakika tisa akafunga faili.

"Najua," akasema, "kuna watu watanipinga." Akasubiri. "Hata huyu binti hapa nyuma ya kioo, natazama uso wake, ana jambo analotaka kuniambia." Akanitazama. Nikamtazama. "Atasema, mbona wapo wanaume wanaotangaza vibaya. Sivyo?"

Alitikisa kichwa kunihimiza, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito. Nikainua kidole, nikagusa ile karatasi kwenye kioo.

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinampata. Maisha yake yote alikuwa akiongea na wauza nyama wanaobisha, na miaka hii ya mwisho na mimi ninayemkata. Hakuwahi kusukuma mlango uliokuwa wazi. Alifumbua mdomo, akaufumba. Jasho lilimchomoza kwenye paji la uso, na ukimya ukaanza kuhesabika.

Sasa, pembeni mwa chumba chetu cha mitambo kuna kisanduku tunachokiita Mlinzi. Fundi alikifunga baada ya mtangazaji mmoja wa alfajiri kusinzia na kituo kikakaa kimya dakika arobaini. Kazi yake ni moja: studio ikinyamaza sekunde kumi na mbili, Mlinzi anadhani tumekufa, anacheza rekodi ya akiba mpaka asikie tena mtu. Tulikuwa tumemsahau, maana redioni kwetu hakuna aliyewahi kunyamaza muda wote huo.

Sekunde ya kumi na mbili ikapita. Taa ya kijani ikawaka. Na kwenye spika, hewani, mji mzima ukisikiliza, ikatoka sauti yangu ya miaka minne iliyopita, nyembamba na yenye furaha:

"Habari za asubuhi, mfugaji mwenzangu. Leo tunazungumzia chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji, sehemu ya kwanza."

Niliirekodi nikiwa mwanafunzi. Fundi aliichagua iwe ya akiba kwa sababu ndiyo rekodi pekee kwenye jengo lile ambayo hakuna mtu anayekohoa.

Bwana Mizani aliruka kwenye kiti. "Nani huyo? Mimi bado naongea!" Mlinzi akasikia mtu, akamrudishia hewa. "Nilikuwa nasema," akaendelea, "kwamba mwanamke akishaachiwa maikrofoni, mwisho wake..." Mwisho wake akautafuta kwenye faili. Akautafuta darini. Sekunde kumi na mbili.

"...mshike kwa mikono miwili, taratibu, asipige mabawa. Tone moja tu, jicho moja tu."

Mkurugenzi alinifikia mbio, tai begani. "Zima hicho kitu!"

Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: *Ulisema nisiguse.*

"Fundi yuko wapi?"

*Amekwenda kununua betri.*

Mpaka saa tatu na nusu ikawa hivyo hivyo. Bwana Mizani alikuwa akijitahidi, nisimnyime haki yake. Alitaja mke wa jirani yake aliyepaza sauti mkutanoni. Alisoma tena ukurasa wa kwanza, kwa sauti ya juu. Lakini kila alipovuta pumzi ndefu Mlinzi alimpokonya, na mimi wa zamani nikaendelea palepale nilipoachia: chanjo isipigwe na jua, irudiwe kila baada ya miezi mitatu, usichanje kuku aliyekwisha kuugua. Mara mbili nilimwona ameacha kupigana. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Simu zilipofunguliwa, taa zote sita ziliwaka kwa pamoja. Mkurugenzi akashika kalamu yake nyekundu.

"Halo, naomba mzee anyamaze kidogo," akasema mpigaji wa kwanza, mwanamume. "Yule dada alikuwa hajamaliza kwenye kipimo."

Wa pili akauliza kuhusu bata. Wa tatu alianza kumpongeza Bwana Mizani kwa ujasiri wake, kisha akasema hata hivyo angependa kujua sehemu ya pili ni lini. Wa nne, kabla hajasema lolote, nilimtambua kwa ngurumo ya cherehani.

"Ni mimi, Mama Mifuko. Baba watoto mwenyewe ndiye amenipa simu, yuko hapa ananisukuma. Kuku wake wanasinzia tangu jana. Anauliza yule dada yupo?"

Bwana Mizani alitazama simu kama aliyesalitiwa na ndugu yake wa damu. Kisha akavuta maikrofoni karibu, na sauti yake ikawa tofauti, ndogo, ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Na wanaopinda shingo?" akauliza. "Ninao wawili wanapinda shingo."

Akanitazama kwenye kioo. Nikagusa karatasi.

"Ninamruhusu aongee," akasema.

Sikutikisika.

"Mkurugenzi, mwambie nimemruhusu."

Mkurugenzi alikuwa anahesabu taa. Sekunde zilikuwa zinakwenda, nane, tisa. Bwana Mizani akalegeza kola.

"Binti," akasema, hewani, mji mzima ukisikiliza. "Ninakuomba."

Nikafungua maikrofoni yangu. "Shikamoo, mzee wangu."

Akaniitikia: "Marahaba."

"Hao wawili chanjo haitawafaa, wameshaugua. Watenge leo hii, na maji yao yawe mbali. Wazima unao wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mtafute bwana mifugo leo, usingoje kesho. Yeye ndiye atakuambia hao kumi na mmoja wachanjwe lini."

Aliandika kila neno nyuma ya hoja yake ya pili.

Simu zilikuwa sitini na tatu, karibu zote za kuku. Mkurugenzi alizitazama kwa muda mrefu, akanitazama na mimi, kisha akasema Jumatatu saa ya tatu ibaki yangu, kwa muda. Mama, niliporudi, aliniambia yeye bado asingemfungulia geti. Sikubishana naye. Sijui ni wangapi waliosikiliza zile dakika tisa za mwanzo wakazima redio kabla ya kuku.

Jumatatu, saa tatu na dakika tano, simu iliita. Niliipokea.

"Mwanamke," akasema Bwana Mizani, "hafai kushika maikrofoni. Lakini kabla sijaendelea, wale kumi na mmoja bado wazima. Kuna mmoja anachechemea."

"Mguu gani?" nikauliza.

Alikwenda kuangalia. Dakika yake ikaisha akiwa bado bandani.