Breki Zimeisha

Kosa lenyewe lilikuwa la neno moja, na lilisemwa asubuhi kweupe, watu wameshiba chai na kila mmoja ana akili zake timamu. Fundi alikuwa amechutama uani kwenye nyumba ya wageni, ameinamia gurudumu la mteja mmoja, spana ameing'ata kwa meno. Dereva alikuwa anapakia mabegi. Ziara yao ndivyo ilivyokuwa: wateja kumi na wawili wanapiga pedali siku tisa milimani, na gari la msaada linafuata nyuma na mizigo, maji, vipuri na hao wawili.

"Fundi! Breki za Bi Mkubwa vipi?" Dereva akauliza.

"Zimeisha!"

"Haya, poa!"

Basi. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Maana Fundi alikusudia lake: mipira ya breki imelika mpaka chuma, baiskeli ile isiguswe, Bi Mkubwa apewe ile ya akiba. Dereva naye akasikia lake: kazi imekamilika, breki tayari. Na huwezi kumlaumu hata mmoja, ndio ubaya wa neno hili. Ukienda kwa fundi cherehani ukaambiwa nguo yako imeisha, unafurahi, unaivaa. Ukienda dukani ukaambiwa sukari imeisha, unarudi mikono mitupu. Hawa wawili, mmoja alikuwa kwa cherehani na mwenzake dukani, na hakuna aliyeinua kichwa kumtazama mwenziwe.

Bi Mkubwa alikuwa mama mzazi wa Dereva. Mwalimu mstaafu, miaka sitini na moja, miguu yake imekwenda shule kwa baiskeli tangu huyo Dereva hajazaliwa. Alipostaafu, mwanawe alimbembeleza bosi mpaka akampatia nafasi kwenye ziara. Wateja wengine walikuwa vijana wa kuwazaa yeye, na kwa siku nne alikuwa anawaacha vilimani wakihema ulimi nje. Fundi alimwita mama kama rafiki yake alivyomwita, na yeye akamwita mwanangu.

Asubuhi yote ilikuwa kupanda, na mlima wa kupanda hauna haja na breki. Gari lilitambaa nyuma ya mteja wa mwisho. Huko mbele zilionekana fulana za njano na kofia ngumu, zote sare, nani angejua nani kapanda nini? Juu ya keria palikuwa na baiskeli moja chini ya turubai, na Fundi hakuwa na shaka kwamba ndiyo ile mbovu.

Kileleni wateja walipumzika kidogo, wakaanza kuteremka mmoja mmoja. Fundi alibaki akimzibia pancha kijana mmoja. Kijana naye alipoondoka, Fundi akasema moyoni, ngoja niweke ile mipira mipya sasa hivi, Bi Mkubwa jioni arudishiwe baiskeli yake. Akapanda keria, akafungua kamba, akafunua turubai.

Ilikuwa baiskeli ya akiba.

Alishika chuma cha keria kwa mikono miwili asije akaanguka. Kutoka pale juu aliiona barabara yote ya kushukia: changarawe tupu, kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule hakuna kitu, ukungu tu. Kilomita ishirini. Na Bi Mkubwa alikuwa ametangulia, dakika kumi zilizopita, akiwapungia mkono.

Akaruka chini, akaingia ndani. "Washa gari."

"Tulia bwana, namalizia karanga zangu. Haraka haraka haina baraka."

"Washa gari nakwambia!"

"Lo! Leo una nini wewe? Umemkumbuka mke?" Lakini Dereva akawasha, anacheka.

Sasa, wengine watasema Fundi alinyamaza ili mwenzake asipagawe akawatumbukiza korongoni. Mwenyewe baadaye alijaribu kujidanganya hivyo hivyo. Uongo mtupu. Alinyamaza kwa woga. Yule bwana alikuwa rafiki yake wa miaka sita, wamelala hema moja, wamekula sahani moja. Utamwambiaje mtu wa hivyo kwamba umempandisha mama yake juu ya kifo?

Kona ya kwanza. Fundi alitazama ukingoni akitafuta majani yaliyolala, kitu cha njano. Hakuna. Kona ya pili, hakuna. Alitoa simu, mtandao hakuna. Kijasho chembamba kilimtoka mgongoni, na baridi yote ile ya mlimani.

Kona ya tatu wakalikuta lori la mbao linashuka polepole, limejaza barabara. Dereva akapunguza mwendo, akaanza kupiga mluzi. Huo mluzi ndio uliomshinda Fundi.

"Ndugu yangu," akasema, "mama amepanda baiskeli yake?"

"Sasa apande ya nani? Nimempa kwa mkono wangu. Si ulisema zimeisha?"

"Nilisema zimeisha."

"Ehe, zimeisha."

"Zimeisha, zimelika! Hamna breki mle!"

Mluzi ulikatika. Dereva alimgeukia, na Fundi akaomba atukanwe, apigwe, chochote. Dereva alilalia honi, akalipita lori kwa upande wa korongo, gurudumu moja likisukuma mawe ambayo hawakusikia yakitua. Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua, Dereva alikuwa anatikisa kichwa, midomo inarudia kitu kimoja bila sauti: mama, mama, mama.

Mbele wakawakuta wateja wawili wamesimama wanapiga picha. Dereva alishusha kioo. "Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Mbele huko!" wakacheka. "Ametupita kama mshale! Tumemwita hata hajageuka. Bibi yule noma!"

Dereva alipandisha kioo taratibu, kama mtu aliyesahau mkono wake unafanya nini.

Kona ya sita ndiyo waliyoiona. Mfereji mrefu umechimbwa na gurudumu kwenye changarawe, umekatisha barabara kwenda upande wa mlima. Baiskeli imekunjika kwenye ukuta wa mawe. Chini yake, mtaroni, fulana ya njano imelala, haitikisiki.

Dereva alikanyaga breki, gari likasimama mshazari. Lakini hakushuka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, mtu mzima yule na ndevu zake, akalia kama mtoto. "Nenda wewe," akasema. "Mimi siwezi. Nenda ukaangalie. Tafadhali, nenda wewe."

Zilikuwa hatua ishirini. Katika maisha yake Fundi alikuwa amepanda milima mingi, lakini hizo hatua ishirini hakuna mlima uliozifikia. Alitembea akitazama mgongo wa ile fulana, akiusubiri upande na kushuka, na kila hatua aliona haupandi. Alipiga magoti. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Mama."

Jicho moja likafunguka. "Nani? Ni wewe, mwanangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini yake. "Afadhali umekuja wewe. Usiguse huo mguu."

Mguu ulikuwa umelala pasipopaswa. Viganja vyote vilikuwa nyama. Lakini alikuwa hai, anapumua, anasema, na Fundi alihema kwa mara ya kwanza tangu kileleni, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mama. Uko hai."

"Niko hai, ila nimeogopa sana." Akameza mate. "Mwenzako usimwambie hivyo. Unajua, pale kona ya kwanza pana majani mengi. Nilibonya breki, kimya. Nikafikiria kujitupa pale, nilikuwa bado sijashika kasi, ningechubuka tu. Lakini nikajiambia, wewe bibi acha utoto. Fundi hawezi kukupa baiskeli mbovu. Ni wewe unabonya vibaya. Basi nikaendelea kubonya. Nikabonya hivi, nikabonya vile, kona hata kona, mpaka nikaona mawe haya."

Fundi hakuweza kumtazama. Alitazama kile kiganja, namna vidole vilivyokuwa vimekunjwa, bado vinabonya.

"Nimefundisha watoto miaka mingi," Bi Mkubwa akasema, "nafundishika na mimi. Hebu niambie, mwanangu. Nilikosea wapi?"

Nyuma yao mlango wa gari ulifunguka. Hatua za Dereva zikaanza kuja kwenye changarawe, na Fundi akajua lazima amjibu kabla hazijafika.