Programu ya Gathogo

Tangu mwenzake ahamie Murang'a, Nyawira alibaki mwalimu pekee wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri. Kazi za madarasa matatu zilimlemea, akaandika programu ya kuzisahihisha. Lakini baadhi ya programu za wanafunzi zilizunguka tu bila kukoma na kukwamisha mashine nzima. Basi akaweka sheria: ikizidi sekunde thelathini, inakatwa, mwenyewe anapata sufuri.

Jumatatu asubuhi mwanafunzi wake Gathogo alibisha hodi. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mkubwa kuliko wote darasani, na hata kumzidi Nyawira.

"Madam, umenipa sufuri."

"Programu yako haikomi, Mzee."

"Inakoma. Kwangu ilichukua asubuhi yote, lakini ilikoma."

Swali lilikuwa la kupanga zamu za maji katika mashamba ya mpunga kule Mwea, ili majirani wasifungue mifereji siku ile ile. Programu ya Gathogo ilijaribu kila mpangilio, mmoja baada ya mwingine.

Nyawira hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliondoa kikomo, akaiwasha. Wakaketi. Gathogo alimega kiazi kitamu, akampa nusu. Ilipofika saa tano Nyawira alikuwa amesinzia, shavu kwenye kiganja.

"Madam. Angalia."

Jibu lilikuwa kwenye skrini. Nyawira alilikagua mara mbili. Lilikuwa sahihi.

"Nisamehe," alisema. "Nitakurudishia alama zako."

Gathogo alishukuru, akaenda zake. Nyawira alibaki akiitazama orodha ya wengine thelathini na saba aliowakata vivyo hivyo. Alitamani kuifunga mashine aende nyumbani alale.

Kwa siku mbili aliandika kipimo kingine. Hiki kilirekodi hali yote ya programu, yaani kila thamani iliyoshika, kwa kila hatua. Programu ikirudi katika hali ambayo imeshaipitia, ni hakika itazunguka milele. Kilinasa thelathini. Saba hazikurudia hali yoyote, wala hazikumaliza.

Theuri, mkuu wa idara, alikuwa akitaka alama kufikia Ijumaa.

"Hizo saba zimekwama ama hazijakwama?" aliuliza.

"Sijui."

"Kompyuta nayo?"

"Nayo haijui. Hakuna kipimo kinachoweza kujua kwa kila programu. Labda ningoje, na sijui ningoje mpaka lini."

Theuri alishusha pumzi. "Sasa utafanya nini?"

"Nitawaita mmoja mmoja, wanieleze walichoandika."

"Wote saba? Na vile umechoka?"

"Nilimpa mtu sufuri bila kumsikiliza," Nyawira alisema.

Alasiri hiyo alimwita wa kwanza, msichana aitwaye Anita. Alimvutia kiti, akafungua programu yake, akapangusa macho.

"Haya, anza mwanzo," alimwambia. "Polepole, tafadhali."